Mwamba Ulioelekea Kanisani

Amosi alikuwa fundi wa matimba. Pale Rwamgasa kila duara, yaani shimo la dhahabu, hushikiliwa na magogo yanayozuia udongo usiwafukie wachimbaji, na kazi ya kupanga magogo hayo ilimlisha kwa miaka kumi na minne. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchimba. Watu walimcheka kwamba anawatengenezea wenzake njia ya utajiri, kisha anarudi kwake na kilo mbili za unga.

"Mimi nalala usingizi," alikuwa akiwajibu. "Ninyi je?"

Kiangazi kimoja alichimba shimo la choo nyuma ya nyumba, na sururu ikagonga jiwe lenye rangi ya kutu. Alilitwanga, akaliosha kwenye beseni la mkewe, na chini kabisa ikabaki punje ya njano.

"Ya bati tu, Mama Violeth," alimwambia mkewe, Euphrasia. "Nyumba ikishaezekwa nafukia."

Nyumba iliezekwa, lakini hakufukia. Alimwita Chacha, mchimbaji mzoefu kutoka Tarime, wakaufuata mwamba wa dhahabu chini ya ardhi. Baada ya bati ikaja pikipiki, kisha kiwanja huko Ngokolo, mjini Shinyanga. Amosi alikwenda kukiona mara moja, akakipima kwa hatua, akatamani na cha jirani. Euphrasia aliacha kuanika michembe ya viazi uani kwa sababu vumbi la mawe lilitua juu ya kila kitu. Mlango wa jikoni ukagoma kufunga. Waliuranda chini, na baada ya wiki ukagoma tena.

"Zamani tulikula mlenda tukashukuru," Euphrasia alimwambia. "Siku hizi hata kuombea chakula humalizi. Moyo uko shimoni."

"Si Mungu aliyeliweka jiwe pale?"

"Aliliweka. Hakukwambia ni lako lote, Baba Violeth."

Mwamba uligeukia mashariki, na kadiri walivyoufuata ndivyo ulivyonenepa. Siku moja Amosi aliteremka na kamba, akapima njia yao ya chini. Kisha akapanda, akaivuta kamba ile ile juu ya ardhi. Ilivuka ua wake, ikavuka njia ya miguu, ikaishia ndani ya kanisa, lile ambalo yeye, mzee wa kanisa, aliliezeka kwa mikono yake. Akaikunja upesi kabla mtu hajaiona.

"Tuishie hapa?" Chacha aliuliza.

Amosi aliitupa kamba begani. "Tutaweka matimba mazuri," akasema.

Huko chini dhahabu ilikuwa nyingi kuliko popote. Magogo yalipoadimika, wakaanza kung'oa ya nyuma wakayapeleka mbele, jambo ambalo Amosi aliwakataza wenye maduara maisha yake yote.

Mvua za Novemba zikaanza. Jumapili ya kwanza baada ya mvua, Amosi aliketi mbele kama kawaida. Kwaya ilisimama, ngoma zikalia, waimbaji wakaanza kuruka. Ndipo alipouona ufa mwembamba kwenye saruji, na vumbi likiteremka ndani yake kidogo kidogo, kama unga kwenye chekeche. Wimbo ulikuwa na beti nne. Alijikuta akiomba ziishe salama ili asijue mtu yeyote. Kwenye ubeti wa tatu Violeth, binti yake, aliruka akatua juu ya ule ufa.

"Nyamazeni!" Amosi alipiga kelele. "Tokeni nje! Taratibu, msikimbie!"

Walitoka wakinong'ona. Nje, Amosi alipiga magoti kwenye tope mbele ya mwinjilisti Donatus, akasema yote, ya kamba na ya magogo.

"Nimechimba chini ya nyumba ya Bwana. Nilikuwa navyo vya kutosha, nikataka zaidi."

Hajamaliza, kishindo kikasikika ndani. Sakafu ya mbele ilizama pamoja na mimbari na viti vya kwaya. Euphrasia alimkumbatia Violeth. Watu walisimama kwenye manyunyu. Donatus alimwinua Amosi kwa mkono.

Kisha mzee Deusdedit, mweka hazina wa kanisa, akasogea, akakohoa.

"Hayo mawe," akauliza kwa sauti ya chini, "gunia moja linatoa kiasi gani?"

Jumatatu Amosi aliuza pikipiki, akaleta malori ya udongo. Alimlipa Chacha, wakaachana. Yeye, Euphrasia na Donatus wakaanza kulifukia shimo kwa toroli. Jumatano asubuhi uwanja wa kanisa ulijaa waumini, kila mmoja na sepetu yake. Euphrasia alimshukuru Mungu kwa sauti, mpaka alipoona kwamba walikuwa wakitoa udongo, si kuujaza.

Amosi aliwasihi mmoja mmoja, kwa majina.

"Wewe umeshapata," walimjibu, bila kuinua vichwa.

Alijaza toroli nyingine, akamwaga upande wake wa shimo. Mvua ilikuwa ikiongezeka.