Barua ya Hapana Niliyoipeleka kwa Mkono

Ninyi wa nyumbani Voi huniuliza kila tukipigiana simu kama huku Marekani natembea kuona nchi. Sijatembea sana. Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilichukua saa mbili na kidogo, kwa basi na treni, kutoka Apple Valley ninakoishi na mama mdogo Mghoi hadi mitaa ya kaskazini mwa Minneapolis. Sikwenda kuona chochote. Nilitumwa kupeleka barua.

Kuna basi la alfajiri linaloanzia huku kwetu kusini, likipita katikati ya mji na kuishia kaskazini. Mimi hulipanda siku za kazi kwenda maabara ya chuo, nilikoajiriwa baada ya kuhitimu. Hulipanda pia akina mama wanaotoka zamu ya usiku katika nyumba za kutunzia wazee. Baadhi yao ni Wakenya wa kanisa letu, na wengine ni Wamarekani Weusi wanaorudi kwao kaskazini. Mwaka huu ofisi ya usafiri ilitangaza kwamba inataka kuliondoa. Kanisa moja la Wamarekani Weusi huko kaskazini likaandaa ombi la kulitetea, na likayaomba makanisa mengine yaongeze majina yao. Barua yao ilitufikia na sisi.

Wazee wetu walikaa kikao, wakakataa. Mwenyekiti wao, Mzee Momanyi, alisema, "Sisi hapa ni wageni. Tulikuja kutafuta maisha. Mambo ya rangi na siasa za mji tuwaachie wenyewe." Naomba msimhukumu haraka. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege miaka mitano iliyopita, hanijui, ameshika koti la baridi la bintiye ili nisitetemeke hadi kwenye gari. Kanisani kuna watu wengi ambao karatasi zao za ukaazi hazijakamilika, na hofu ya kila mmoja wao huishia mezani kwake.

Jibu niliandikishwa mimi, kwa kuwa nina Kiingereza cha chuo. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: "Sisi Waafrika hatungependa kuingilia mambo yenu ninyi Wamarekani Weusi." Nilibadilisha neno "mambo" mara sita, nikahofu kwamba ni la dharau. Lakini hiyo "sisi" na hiyo "ninyi" sikuzigusa. Katika fomu za kazi huku kuna kisanduku cha kuonyesha wewe ni wa rangi na asili gani, na mimi huweza kukitazama kisanduku hicho mpaka karani aniulize kama sijaelewa Kiingereza.

"Barua ya namna hii haitumwi kwa kompyuta," Mzee Momanyi aliniambia alipoitia sahihi. "Mtu amekualika kwake. Ukimkatalia, mwendee umwangalie usoni. Na usiende mikono mitupu."

Jumapili, saa mbili asubuhi, mama mdogo alikuwa akijiandaa kwenda zamu. Basi letu halifanyi kazi Jumapili, kwa hiyo ilibidi nizunguke. Alinikuta mlangoni nikiisoma barua tena.

"Wakesho, unaipeleka au unaisahihisha?"

"Na wakikasirika, mama?"

"Wakikasirika wataku-beat?" Alicheka akitafuta funguo za gari. "Wewe huwaza mpaka chai inaganda utando. Nenda. Mpe mchungaji bahasha, sema asante, urudi."

Huo ndio ulikuwa mpango wangu pia: bahasha, asante, kurudi.

Saa tatu na nusu nilishuka treni katika kituo cha Cedar-Riverside, chini ya yale majengo marefu yenye madirisha ya rangi, ili ninunue kitu cha kubeba. Mama wa Kisomali mwenye duka la sambusa alilelewa Nairobi, na Kiswahili chake kinanishinda kwa kasi.

"Thelathini? Kuna harusi?"

"Nazipeleka kanisani."

"Kanisa gani hilo lina njaa hivyo?"

"La huko kaskazini. La watu weusi."

Aliacha kufunga mfuko akaniangalia toka kichwani hadi viatuni. "Na wewe ni rangi gani, dadangu? Kijani?"

Wateja wawili waliokuwa nyuma yangu walicheka. Nikacheka nao, nikalipa, nikatoka na uso umeniwaka. Ndani ya basi lililonipeleka kaskazini nilitunga majibu manne mazuri, yote yakiwa yamechelewa.

Saa nne na robo nilifika. Kanisa ni la matofali mekundu, lina ngazi pana, na mlangoni alisimama mama mzee aliyevaa nguo nyeupe na glavu nyeupe. Kule kanisani mama wazee huitwa Mama na kila mtu, wawe wamewazaa au la, kama kwetu kabisa. Huyu ni Mama Lorene. Tuliongea Kiingereza, nami nawaandikia kwa lugha yetu.

"Karibu, mtoto. Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo, Mama. Nimeleta salamu za kanisa letu la Apple Valley."

Hapo ndipo nilipojiponza mwenyewe. Mnajua kwetu mgeni hawezi kuingia kanisani bila kusema ameleta salamu. Ni adabu tu, kama kubisha hodi; ulimi ulisema kabla sijafikiri, mimi ambaye hufikiri kabla ya kuvuka barabara isiyo na gari. Nilisahau kwamba kwetu pia anayeleta salamu lazima asimamishwe azitoe. Mama Lorene alinishika mkono, akaninyang'anya sambusa kwa upole akampa mtu azipeleke jikoni, akanibandika utepe wa mgeni kifuani na kunikalisha mstari wa mbele. Kisha alimnong'oneza mchungaji, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito.

Baada ya wimbo wa pili mchungaji alisimama mimbarini. "Mnakumbuka tuliwaandikia ndugu zetu kutoka Afrika," alisema. "Leo wamemtuma binti yao."

Kanisa zima lilisimama, likapiga makofi. Nilidhani yataisha, hayakuisha. Mzee mmoja ng'ambo ya ujia alikuwa akijifuta macho. Nami bahasha ilikuwa kwenye mkoba, kwenye mapaja yangu, na niliona kana kwamba kila mtu anaweza kuisoma kupitia ngozi ya mkoba.

Nilipewa kipaza sauti. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia kwa kishindo hata nikarudi nyuma hatua moja. Ningeweza kutoa salamu tupu nikakaa. Nililifikiria hilo kwa uzito, nawaambia kweli. Lakini wangeendelea kunishangilia kwa jambo ambalo halipo, halafu jioni mchungaji afungue bahasha peke yake.

"Nimeleta barua," nilisema. Sauti ikakatika.

"Polepole, mwanangu," mtu aliita kutoka nyuma. "Hatukimbii!"

"Chukua muda wako!" wengine wakaitikia.

"Barua inasema hapana. Wazee wetu wanaogopa, na wana sababu. Wanawashukuru, lakini jina letu hawataliweka. Maneno niliyaandika mimi. Nimeandika 'sisi' na 'ninyi'. Lakini basi hilo mimi hulipanda kila siku."

Yale makofi yalikuwa yananisumbua, sasa nikayatamani. Mchungaji alishuka mimbarini, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Baadhi ya makanisa tuliyoyaandikia bado hayajatujibu," aliliambia kanisa. "Hawa wametuletea jibu lao wenyewe, mlangoni kwetu." Akanigeukia. "Asante kwa kusema kweli. Sasa nataka wote wanaopanda basi la alfajiri wasimame tuwaombee."

Walisimama watu kama ishirini. Mimi nilikuwa bado nimesimama, sikujua kama nami naombewa au nikae. Ndipo mwanamke wa kwaya akanyoosha kidole.

"Namjua huyu! Hukaa nyuma ya dereva. Hulala mdomo wazi kuanzia Apple Valley mpaka mjini!"

Kanisa liliangua kicheko. Mwanamke huyo ni Denise, mfagiaji wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Tumepanda basi moja karibu mwaka mzima, naye siku moja aliniamsha nisipitilize kituo. Sikuwahi kumuuliza jina.

Saa saba mchana tulikula katika ukumbi ulio chini ya kanisa: samaki wa kukaanga, mboga za majani ambazo mngeapa ni sukuma wiki iliyochemshwa na nyama, na sambusa zangu, zilizokwisha kabla ya samaki. Mama Lorene alivua glavu akaketi karibu nami.

"Ninyi mkifika huku hutuambia kwamba ninyi si sisi," alisema, akiniwekea kipande cha samaki sahanini kwa uma. "Halafu mnaingia dukani, mlinzi anawafuata rafu hadi rafu. Huyo haombi pasipoti."

Nilianza kuomba msamaha. Akanizuia kwa mkono.

"Ngoja, sijamaliza. Mama yangu alitoka Mississippi na watoto watano. Familia nyeusi zilizokuwa hapa zamani zilituona washamba. Tuliambiwa tunaimba kwa kelele, tusiwaharibie jina mbele ya wazungu. Kanisani tulikalishwa nyuma. Alijua maana ya kuwa mgeni, mama yangu, tena kati ya watu wa rangi yake. Ndiyo maana mimi nasimama mlangoni. Niliiomba kazi hiyo."

Alinionyesha lile ombi. Majina ya makanisa yalipangwa kwa chapa, na mwisho kulikuwa na mstari mtupu.

"Huu ni wenu. Hatutaandika jina lenu kama hamtaki. Lakini mstari hatuufuti mpaka Jumanne, mchungaji atakapolipeleka ombi kwa mjumbe wetu wa baraza la mji."

Nilimweleza kwamba mimi hata kura siruhusiwi kupiga, na kwamba sijui kama mtu mwenye viza yangu anafaa kutia sahihi, na kama—

"Umeshiba?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi usitie sahihi kitu unachokiogopa. Chukua sahani hii umpelekee huyo mzee wako. Mwambie sahani naitaka."

Ilikuwa sahani ya udongo yenye maua ya samawati, imejaa samaki, imefunikwa kwa karatasi ya jikoni.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa sebuleni kwa Mzee Momanyi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kukiri njia nzima. Nilimwamkia nikamweleza yote, na uso wake ulizidi kukaza.

"Nilikutuma na barua, binti yangu. Ushuhuda sikukutuma."

"Nisamehe, Mzee."

"Walisemaje ulipoingia?"

"Walisimama wakapiga makofi. Walikuwa hawajajua nimebeba nini."

"Muda mrefu?"

"Mrefu sana, Mzee."

Alifunua sahani, akamega samaki, akatafuna taratibu akiitazama ile rangi ya samawati. Mwishoni aliuliza kama mstari ule bado uko wazi. Nikamwambia hadi Jumanne. "Siwezi kuamua peke yangu," alisema, akachukua simu yake kumpigia mzee wa kwanza. Nilijua hapo napaswa kuondoka.

Jumatatu sikusikia neno. Nilijiambia nimeharibu pande zote mbili.

Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nilipanda basi nikakaa nyuma ya dereva. Denise alikuwa kiti cha pili, viatu vya kazi amevivua. Safari hii nilimsalimu. Kabla milango haijafungwa, mtu aligonga kioo. Alikuwa Mzee Momanyi, amevaa suti yake ya Pasaka, amebeba sahani ya maua ya samawati iliyojaa mandazi. Mtu huyu hajapanda basi tangu anunue gari lake la kwanza hapa. Hakujua hata nauli inatumbukizwa wapi, dereva alimwonyesha.

"Jibu la kwanza tulilipeleka kwa mkono," aliniambia akihema. "La pili pia tulipeleke hivyo hivyo. Wazee wote wamekubali, isipokuwa mmoja, na huyo amesema atatuombea." Alitazama huku na huku. "Yule mama wa mlangoni, nimwite nani?"

"Mama Lorene, Mzee."

Denise alikuwa ameshaondoa mkoba wake kwenye kiti. "Kaa hapa, baba," alimwambia kwa Kiingereza. "Hayo ni nini, na ni ya nani?"

Mzee alielewa. Akafunua, akampa moja.

Nawaandikia haya nikishukuru. Sijapata jawabu la kile kisanduku cha kwenye fomu, na bado hukitazama kwa muda mrefu kuliko watu wengine. Lakini nimejifunza kwamba nilikuwa nasafiri na watu hao tangu mwanzo, nikiwa nimefumba macho. Hatujui basi litaachwa au litaondolewa. Asubuhi ile lilikwenda hadi mwisho wa njia, na maabarani walinisubiri, kwa sababu kituo changu kilipita nikiwa macho, nikiwatafsiria Mzee na Denise maneno yaliyowashinda.