Kanda Iliyoandikwa "Mazishi ya Babu"

Redio ya nyumbani kwetu Izigo ilinunuliwa na baba wakati wa vita, ili asikie majeshi yamefika wapi. Vita ilipokwisha ikabaki kutupa habari za bei ya kahawa na matangazo ya vifo, na matangazo ya vifo yalikuwa marefu kuliko ya kahawa.

Kaka yangu mkubwa aliitumia kwa jambo jingine. Alikuwa mwalimu mjini Bukoba, amepanga chumba Kahororo, na kila Ijumaa alirudi nyumbani na kuzungusha kitufe cha masafa mafupi akitafuta bendi moja ya roki ya vijana wa Ulaya. Magitaa yao yalinguruma kama mashine ya kukoboa iliyokosa mafuta. Sikuona uzuri wowote. Baba aliita muziki ule ajali.

Siku moja kaka alisikia ikitangazwa kwamba bendi hiyo itapiga moja kwa moja katika studio ya redio, Jumamosi asubuhi kwa saa zetu. Aliazima kinasa sauti cha kwaya pamoja na kanda moja, akakiweka mezani mbele ya spika ya redio, kwa kuwa hatukuwa na waya wa kuviunganisha. Chochote ambacho kingesikika sebuleni kingeingia kwenye kanda. Alitutoa wote nje, akatuamuru tunyamaze, akaketi peke yake ndani.

Baada ya miaka miwili alikufa. Ukimwi wakati ule tuliuita Juliana, jina la mashati ya magendo yaliyotoka Uganda, kana kwamba kuuita jina la nguo kungeupunguzia makali. Godoro lake lilichomwa, na nguo pia, kwa sababu watu waliogopa na sisi tuliogopa zaidi. Picha zilibaki tatu. Kadiri miaka ilivyokwenda nikagundua kwamba uso wake ninao ila sauti imenitoka. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipokufa. Maneno yake mengi nayakumbuka, lakini katika kumbukumbu zangu anayasema kwa sauti yangu mimi. Hilo liliniuma, na sikumwambia mtu.

Kanda ile niliitafuta kwa sababu hiyo tu. Tuliamini kwaya iliichukua na kurekodi nyimbo juu yake, maana kanda zilikuwa adimu na hakuna aliyeionea huruma kanda ya mtu mwingine.

Mwaka mama alipohamia kwangu Muleba mjini, tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na kanda tisa za mazishi. Miaka ile tulirekodi mazishi ili ndugu wa Mwanza na Dar es Salaam walioshindwa kufika wasikie mahubiri na historia ya marehemu. Kanda hizo hakuna aliyezifuta, na hakuna aliyezisikiliza mara ya pili. Nilizisoma majina moja moja. Ya tisa iliandikwa "Mazishi ya Babu. Usifute."

"Waitu jamani, hiyo si kweli," mama alisema. "Babu yenu alizikwa kabla ya vita. Nani alikuwa na kinasa sauti?"

Nikautazama mwandiko. Ulikuwa wa kaka, ule wa ubaoni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mjanja yule alijua kwamba katika nyumba yetu hakuna mlinzi wa kanda kama maiti.

Binti yangu alipata mahali pa kuipigia, akaihamishia kwenye kompyuta. Kisha akatafuta habari za bendi na kukuta kwamba redio yenyewe iliyotangaza ilikwisha kuifuta rekodi ya kipindi kile, na huko Ulaya wapo watu wazima wanaoitafuta kwa miaka thelathini. Alimtumia mmoja wao nakala.

Mimi na mama tuliisikiliza jikoni, mchana, ndizi zikichemka. Dakika arobaini na tano. Nilisubiri kaka aseme neno lolote. Katika wimbo wa tatu ikasikika sauti ya mtoto wa kike nje ya dirisha, ikipiga kelele, "Senene! Senene wameanguka!" kisha miguu ikikimbia na sufuria zikigongana. Mtoto huyo ni mimi. Nilimsubiri kaka anigombeze. Hakunigombeza. Alikuwa ametuamuru tunyamaze, na yeye mwenyewe akatii amri yake hadi mwisho. Nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia marehemu kwa utii wake.

Ndipo mama akainua mkono. "Rudisha kidogo."

Nikarudisha. Kati ya wimbo wa tano na wa sita, wanamuziki wakiwa wanakaza nyuzi, kulikuwa na kikohozi. Kilibanwa, kikatoka tena mara mbili, kama mtu aliyeziba mdomo kwa shati.

"Ndiye," mama alisema.

Tukasikiliza tena. Mama alizima jiko.

"Senene hao ni wa mwezi wa kumi na moja," alisema. "Mimi aliniambia kifua kilimwanza baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata."

Akaendelea kuitazama kompyuta.

Wiki iliyofuata yule mtu wa Ulaya aliandika. Alishukuru sana, akasema ni hazina, na kwamba ana fundi anayeweza kuisafisha: ataondoa kelele za watoto katika wimbo wa tatu, na kile kikohozi. Aliomba ruhusa yetu.

Nilimsomea mama kwa Kihaya, akanipa jibu, nami nikaliandika kama alivyolisema yeye: Kelele za senene ni za binti yangu, aziondoe akipenda. Kikohozi ni cha mwanangu, asikiguse.