Kitabu Kilichochelewa

Juzi nimepokea picha ya mwanangu ambayo haikupaswa kuwepo. Subirini niwaeleze.

Mimi ni msusi. Zamani mimi na mume wangu tulikuwa na ugonjwa mmoja: kuchangia kazi za wasanii mtandaoni. Mtu akitangaza anataka kutoa kitabu au filamu, sisi hao! Raha ilikuwa kuona majina yetu mwishoni, pamoja na ya watu tusiowajua.

Akatokea mchoraji na kitabu cha watoto. Ukiongeza kidogo kwenye mchango, anamchora mwanao humo ndani.

Tukatuma picha ya binti yetu. Alikuwa wa miaka mitatu, mdomo hauna likizo.

"Mama, nimeshaingia kwenye kitabu?"

"Bado, mama. Anakuchora."

Kesho yake, swali lile lile.

Mwaka ukakatika, kitabu hakuna. Mchoraji akawa mtu wa samahani: mara mkono unauma, mara mpiga chapa kamkimbia. Wachangiaji wakamjia juu. "Tapeli! Rudisha hela zetu!"

Katikati ya kelele hizo, homa ikamkamata binti yetu. Hakumaliza wiki.

Hapo sisimulii. Siwezi.

Baada ya msiba, mume wangu hakutaka tena kusikia habari za kuchangia.

"Dai chetu, mke wangu, tuachane na huyo mwongo."

"Sidai. Hiyo ndiyo picha yake pekee ambayo sijaiona."

Akatoka nje.

Miaka ikapita. Wenzetu wote waliacha. Siku hizi mtu akitangaza kitabu anachekwa, na siwalaumu, wameumwa na nyoka. Mimi nikabaki nasubiri kama mjinga.

Juzi bahasha ikafika saluni. Nikamwacha mteja kichwa nusu, nikafungua.

Nikapekua ukurasa kwa ukurasa. Mwanangu hayumo. Kuna msichana mkubwa tu, ana mkoba wa shule, meno ya mbele yameng'oka.

Halafu nikayaona macho.

Nikampigia mchoraji. "Huyu ni nani?"

"Si mwanao, dada? Nimewachelewesha mno. Kila mwaka nilimfuta nikamchora upya, maana nilijua anakua. Nisingewaletea mtoto wa miaka mitatu, angenicheka!"

Nikatazama tena. Alikuwa amesukwa, mistari imenyooka. Mwanangu nilimzika nywele bado hazishikiki. Mimi msusi, sikuwahi kumsuka.

"Yupo hapo? Nipe nimwombe msamaha."



"Yuko shule," nikasema.

Akacheka kwa furaha. Nikakata simu, nikalia mbele ya wateja bila aibu.

Ndugu zangu, ukichangia kazi ya mtu ikachelewa, mdai, ni haki yako. Ila na wewe mpe habari zako mapema, kwa sababu huko aliko anakuchora akidhani mambo yako yanaendelea. Mimi sikumpa. Sasa ananiuliza kila siku kama mtoto amekipenda kitabu, na sijui nitamwambiaje.