Siku Niliyowalaza Kuku Ndani ya Nyumba ya Bibi Harusi

Hii aibu nimeikalia muda, na kama msingekuwa wenzangu wa meza moja pale soko la maziwa nisingewaambia hata nusu yake, lakini kwa vile kila mtu tayari anajua kipande chake (na kila kipande kimetiwa chumvi), wacha leo niwape yote kwa mdomo wangu mwenyewe. Ndiyo, ni mimi Nimo. Mimi ndiye niliyewalaza kuku ndani ya nyumba ya harusi ya wifi yangu Hibo, tena nikawapiga picha.

Mnajua kwetu kuku si mfugo wa kujivunia. Mtu wa ngamia akisikia unafuga kuku anakuuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida. Lakini mvua zilikuwa zimekataa, maziwa yakawa haba, na wale watu wa maofisini walikuwa wananiulizia mayai kila asubuhi, nikasema basi, liwalo na liwe. Mume wangu Abdi alikuwa anapakia lori kuelekea Mandera, akaniambia nifuge nitakacho ila nisimwombe hata msumari. Na mimi ukiniambia hivyo umenichokoza. Nikaapa nitajenga banda la kuku bila kununua kitu.

Wallahi niliokota! Hoteli moja ilinipa friji iliyokufa, nikailaza chali iwe mahali pa kutagia. Fundi wa gereji akanipa mlango wa gari wenye kioo kinachopanda na kushuka (kuku wangu walikuwa na dirisha, mimi sina). Binti wa mjomba wangu kule Dadaab akanitumia mikebe ya mafuta ya msaada, nikaipasua na kuinyoosha kwa jiwe ikawa mabati. Nikapata chandarua kilichotoboka, nikapata fremu ya baiskeli iliyokatika. Kitu kilichobaki ni kiunzi, yaani miti ya kushikilia hayo yote, na ndipo nikainua macho juu ya paa la stoo.

Kulikuwa na mzigo pale. Fito ndefu zilizopinda, nyeusi kwa moshi, zimefungwa kwa kamba za ngozi. Aliziacha mama mkwe wangu, Hooyo Dahabo, yaani Mama Dahabo, mwaka ukame ulipommalizia mifugo akahama Sangailu kuja kukaa kwa mwanawe mkubwa ng'ambo ya mji. Alishuka na ule mzigo kwenye gari, akasema, "Nimo, niwekee hizi," nami nikajibu, "Sawa, Hooyo." Hatukuongeza neno.

Sasa msinicheke bado. Mimi nimezaliwa hapa Garissa, chini ya mabati. Aqal naijua, ile nyumba ya mviringo ya watu wa kuhamahama, naiona ikiwa imesimama na mikeka yake kila nikipita njia ya Ijara. Najua ni mali ya mwanamke, najua mama na jamaa zake humjengea bibi harusi, najua ikihama hubebwa juu ya ngamia. Lakini sijawahi kuiona ikiwa imefunguliwa! Nyumba ikishafunguliwa, kwa macho ya mtu wa mjini, ni kuni.

Nikakata kamba. Kama kuna dakika moja ningeomba nirudishiwe ni hiyo.

Zile fito zilinipiga vita. Misumari niliyookota ilipinda yote, hakuna hata mmoja ulioingia, ikabidi nifunge kwa waya. Ufito mmoja ulikuwa mrefu kuliko mlango wangu wa gari, nikaukalia na msumeno mpaka mikono ikafa ganzi, na kile kipande nikakitia jikoni nikachemshia maziwa. (Kilinukia vizuri sana. Hata hilo nilijisifia.) Banda likasimama, limeegemea upande kidogo lakini limesimama, kuku wakaingia, na mimi nikalipiga picha nikamtumia Abdi, ambaye kwa bahati yangu mbaya alikuwa huko njiani kusiko na mtandao.

Wiki haikuisha. Mchana mmoja nasikia hodi, natoka, namkuta Hooyo Dahabo na Hibo na nyuma yao wanawake wa upande wa bwana harusi, wametoka Sangailu na vumbi lao, mbele yao shangazi wa huyo bwana harusi, Shamsa, mama mrefu asiyecheka ovyo. Kijana bado anachunga, kwa hiyo Hibo angeolewa na kuhamia huko, na huko hakuna anayempokea bibi harusi asiye na nyumba yake.

"Tumekuja kuona nyumba," akasema Hooyo Dahabo.

"Nyumba gani, Hooyo?"

"Fito zangu, Nimo. Nilizokuachia."

Jamani. Na badala ya kusema ukweli palepale (ambao ungeuma mara moja ukaisha), nikatabasamu. "Zipo, Hooyo, nimezihifadhi vizuri sana. Kunyweni chai kwanza." Nikawatandikia mkeka kivulini, nikazunguka nyuma mbio, nikachukua turubai la Abdi la lori nikalifunika banda lote. Nilidhani nikipata nusu saa nitajua la kufanya.

Sikufikiria kuku. Jua la mchana la Garissa mnalijua, na turubai lile ni zito. Kwanza jogoo akawika, adhuhuri, kwa sauti ya mtu anayekabwa.

"Nimo," akasema Shamsa akishusha kikombe, "turubai lako linawika?"

Nikacheka peke yangu. Kisha ikaanza kelele ya mikebe, kuku wanapiga kwa mabawa na vichwa, turubai linavimba huku na kule, waya zangu zikaachia, mlango wa gari ukaanguka na kioo chake, na kuku wote wakatoka kwa pamoja wakapita katikati ya chai. Mmoja alitua begani kwa Shamsa. Turubai likateleza chini, na pale juani, mbele ya kila mtu, zikabaki fito zilizopinda, zimepakwa kinyesi.

Kila mwanamke pale alijua anachotazama.

"Dahabo," akasema Shamsa, akimtoa kuku begani polepole, "hii ndiyo nyumba unayompa kijana wetu? Nyumba ya kuku?" Akawageukia wenzake. "Inukeni."

Hibo alijifunika uso kwa mtandio wake. Nikapiga magoti kwenye chai iliyomwagika nikasema ni mimi, Hooyo hakujua, nilidhani ni kuni, adhabu iwe yangu. Hakuna aliyenitazama.

Hooyo Dahabo alisema neno moja tu kwa Shamsa. "Kaa." Halafu akakunja mikono ya nguo, akaenda bandani, akaanza kufungua.

Sasa hapa ndipo naishiwa maneno. Yule mama alichukua ufito mmoja baada ya mwingine, akausugua kwa mchanga na kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe, na hakuwa anautazama, alikuwa anaupapasa tu, kisha anasema. Huu ni wa mama yangu. Huu nilikata mimi nikiwa na mimba ya Abdi. Huu uliliwa na mchwa, mama akaweka chuma cha hema waliloacha wanajeshi, gusa uone. Kamba iliyozungushwa hapa ni ya gunia la unga wa msaada, mwaka ule ng'ombe walipokwisha. Na mimi niliyejiona fundi wa kuokoteza nikasimama nimekumbatia jogoo, mdomo wazi, nikielewa kwamba nyumba nzima ile ilikuwa imeokotezwa, kipande kwa kipande, na wanawake ambao sikuwahi kuwaona, na imezunguka nchi hii yote juu ya ngamia bila kuanguka, mpaka iliponifikia mimi.

Akaanza kuisimamisha. Ufito wa kwanza, wa pili. Mmoja wa wageni akashika ncha, kwa mazoea tu nadhani, halafu mwingine. Shamsa alivumilia, alivumilia, mpaka akaona fundo limefungwa vibaya. "Si hivyo, vuta kwangu," akasema, akainuka. Ikapanda mbele ya macho yangu, katikati ya friji na mikebe. Zile fito zilizonikatalia mimi ziliinama kwao zenyewe, kila moja ikaenda mahali pake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikifanywa na mikono ya watu.

Kisha wakafika kwenye ule mfupi.

"Kipande kingine kiko wapi?" akauliza Hooyo.

"Nilichemshia maziwa."

Shamsa alinitazama. Nilingoja matusi, nikaona mabega yake yanatikisika, kisha akacheka mpaka akashika friji. Hooyo Dahabo hakucheka. Alipita kwenye takataka zangu, akachomoa bomba la ile baiskeli, akalivisha kwenye ncha iliyokatwa, akafunga kamba, akausukuma kwa nguvu zake zote. Ukashika. Shamsa akaingia ndani peke yake, akakaa. Tulisubiri nje, Hibo amenishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Alipotoka alipangusa magoti.

"Ni nyumba," akasema. "Ila ioshwe."

Wakapiga vigelegele, na mimi nikalia. Hooyo akaniita ndani, akanionyesha pa kukaa, akaniambia taratibu, "Abdi alizaliwa hapo ulipoketi." Nikaomba msamaha. Akasema amenisamehe, ila Hibo hataishi na bomba la baiskeli, na ufito mpya nitautengeneza mimi, kwa mikono yangu, si kwa kumlipa mtu.

Hibo ameshaolewa, nyumba iko Sangailu, inasifiwa, na bomba bado limo. Ufito wangu wa kwanza ulivunjika nikiupinda. Wa pili nilizidisha moto ukapasuka. Wa tatu uko uani kwangu sasa, nimeufunga kwa kamba na mawe, naugeuza kila asubuhi kabla ya kuja sokoni, na haujapinda bado kama Hooyo anavyotaka, akija anaupapasa na kutikisa kichwa. Kuku wanalala kwenye friji. Nimeapa sitagusa tena kijiti cha mtu bila kuuliza ni cha nani, na ninyi mkija kwangu mkauona ule mti umelala pale uani, tafadhali, pitieni mbali.