Taa ya Kijani ya Bi Hakikisha

Ofisini walimwita Bi Hakikisha, na hakuwa na ugomvi na jina hilo. Ni mtu wa kunusa maziwa dukani, akayanusa tena akifika nyumbani, kana kwamba njiani yamemfanyia hila. Akifunga mlango huusukuma mara tatu, akifika chini ya ngazi hurudi kuusukuma ya nne. Mumewe, fundi saa, alimwambia siku moja kwamba saa za nyumba ile zinakwenda sawa kwa kuogopa kuhojiwa. Haya, mtu wa namna hiyo umpe kazi gani? Walimpa ya kujaribu programu kabla hazijatoka kwenda kwa wateja, na sijaona mtu aliyepewa riziki ikamkaa vizuri kama hiyo.

Kampuni yao ilitengeneza kitatuzi. Neno lisikutishe. Ni programu inayoendesha programu nyingine polepole, hatua kwa hatua, ili fundi aone inakosea wapi. Sasa, programu yoyote ikiamka hukabidhiwa orodha ya maelezo: mafaili yako yako hapa, zungumza lugha hii, seva yako ni ile. Wenyewe huyaita vigezo vya mazingira. Kitatuzi kikiiamsha programu, ndicho kinachotakiwa kuikabidhi orodha hiyo kama fundi alivyoagiza, neno kwa neno. Kisipoikabidhi, fundi atahangaika siku nzima na kosa ambalo si lake.

Jaribio la Bi Hakikisha lilikuwa rahisi. Aliandika kiprogramu kisicho na kazi nyingine ila kutaja kilichomo katika kigezo kimoja, GHALA. Anakiagiza kitatuzi: ipe GHALA anwani hii. Kiprogramu kikiitaja anwani ileile, kwenye skrini inawaka taa ya kijani, naye anatia sahihi. Miaka minne taa ile haikuwahi kukataa.

Mwezi uliopita sehemu hiyo ya kitatuzi iliandikwa upya na mtu waliyemwita Mwokaji. Kabla ya kushika kibodi alikuwa ameoka mikate miaka kumi na minane, mpaka vumbi la unga likamwingia kifuani na daktari akamkataza kabisa kukaribia tanuri. Akajifunza kuandika programu akiwa na mvi zake. Alichukuliwa kwa miezi sita ya majaribio, nayo ilikuwa inaisha Ijumaa ya wiki ninayoisimulia. Akikataliwa hapa, hana pa kurudi. Mpole, anasalimia kila mtu, anaosha hata vikombe vya wenzake. Bi Hakikisha alikuwa na swali lake: mtu anayeosha vikombe visivyo vyake anaficha nini?

Toleo jipya lilitoka Jumatatu. Jumanne wateja watatu wakalalamika: wanaagiza vigezo, kitatuzi kinaitikia, lakini programu zao zikiamka haziambiwi chochote. Bi Hakikisha akarudia jaribio lake. Kijani. Akarudia tena. Kijani. Machale yakamcheza. Kwa wateja hamna kitu, kwake yeye kila kitu shwari? Kuna mtu anamchezea. Akaunganisha moja na mbili: Mwokaji ameandika kitu kinachoitambua kompyuta yake na kumpa jibu analolitaka, huku wengine wakiambulia patupu. Tena wiki iliyopita, saa ya chakula, alimkuta amesimama karibu na meza yake. Mwokaji alisema alitaka kuuliza jambo, akatazamwa lile jicho mnalolijua, akasema basi tu.

Tangu hapo hakulala kwa amani. Alibadilisha neno la siri mara mbili kwa siku moja. Aligeuza skrini yake ikaangalia ukuta. Aliandika kwenye daftari saa aliyoingia Mwokaji, saa aliyotoka, na mara alizokwenda kwenye beseni la vikombe. Jumatano akaingia kwa mkuu wa idara, mwanamke wa maneno machache, akamwambia waziwazi kwamba Mwokaji ni tapeli. Mkuu hakuonyesha hasira. Alisema Ijumaa saa nne watakaa watatu. Akiletewa ushahidi, Mwokaji ataondoka siku hiyohiyo.

Jioni mama yake Bi Hakikisha, anayeishi nao, alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Huyo bwana mwenyewe umemuuliza?"

"Nimuulize ili anidanganye, mama?"

Mama akaendelea na mchele wake.

Alhamisi alikuja na mpango wa kumnasa. Aliomba kompyuta nyingine, ikafutwa yote, akaiweka kando ya yake. Kisha akataka kwanza aone kiprogramu chake kinasema nini bila kitatuzi kabisa, bila mtu yeyote kukiagiza lolote. Kwenye kompyuta mpya kikasema GHALA haina kitu. Sawasawa. Kwenye kompyuta yake kikaitaja anwani yote, bila kukwama.

Alitazama skrini kama aliyetukanwa. Nani amekiambia? Akaanza kufukua faili moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye faili dogo linalosomwa kila kompyuta inapowashwa. Mstari ulikuwepo: GHALA, na anwani ileile ya jaribio. Moyo ukamruka kwa furaha, mnisamehe, ndivyo alivyo. Kumbe alikuwa anakuja kuandika hapa! Kisha akaona tarehe. Miaka minne nyuma, Mwokaji akiwa bado anakanda unga. Na juu ya mstari palikuwa na maelezo mafupi: nimechoka kuandika hili kila asubuhi. Mwishoni, herufi za mwanzo za jina la Bi Hakikisha mwenyewe.

Akausoma mstari ule tena. Miaka minne kitatuzi kingeweza kukabidhi au kisikabidhi, kiprogramu kingejibu vilevile, maana jibu kilikuwa nalo tayari mfukoni. Kazi ya Mwokaji ilikuwa na kosa, ndiyo, kosa la kawaida la mtu anayejifunza, ambalo jaribio lolote la kweli lingelikamata kwa dakika moja. Lake halikuwa jaribio. Na kidole chake, sitamficha, kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Mstari mmoja tu, nani angejua? Kesho Mwokaji angeondoka na jina la tapeli, yeye angebaki na heshima zake. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Alipoondoa kidole, aliona aibu ya kutosha maisha.

Ijumaa saa nne hakungoja kuulizwa.

"Mwokaji hakunidanganya," alisema. "Kompyuta yangu ilikuwa inajijibu yenyewe, na aliyeifundisha ni mimi."

Akaeleza yote, mpaka habari ya kidole. Mkuu aliuliza kama sahihi nyingine za miaka minne zilitoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Zilitoka. Mkuu akaandika, akamgeukia Mwokaji, akamwambia arekebishe kosa lake na kazi ni yake. Mwokaji alishukuru kwa sauti ya chini. Akasema hata yeye ana lawama, maana aliliendesha jaribio lilelile kwenye kompyuta yake, na taa ilikuwa nyekundu tangu wiki iliyopita. Akadhani amekosea kuipanga, kwa kuwa ya Bi Hakikisha ilikuwa kijani na Bi Hakikisha hakosei. Alikwenda mezani kwake kumuuliza, akashindwa.

Mkuu alipofunga daftari, Mwokaji akainua mkono.

"Nina ombi moja. Kazi yangu naomba ikaguliwe na mtu mwingine."

Hakulisema kwa ubaya, wala hakumtazama. Bi Hakikisha alitaka kuudhika, akatafuta hasira asiione. Angekuwa yeye ndiye Mwokaji, angeliomba hilo siku ya kwanza.