Kinyozi wa Ibighi Anayenusa Vidole vya Makuruta

Saa moja asubuhi, mwaka 1992, ukungu ungali umelala juu ya migomba ya Ibighi, mjini Tukuyu. Kinyozi Ambindwile, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anamfunika kijana shuka jeupe mabegani. Kabla ya kushika wembe, anasema neno moja: "Vidole."

Ackson anaficha mikono chini ya shuka. "Afande, hata mama hanikagui hivi!"

"Mama yako hakunyoi bure. Lete."

Ackson alirudi kutoka mafunzo ya jeshi siku kumi na tisa zilizopita. Kambini sigara ni marufuku, naye hakuigusa kwa miezi mitatu. Juzi, hata hivyo, alikwenda Kinyala kwenye harusi ya dada yake. Hilo ndilo linalomkosesha kinyozi raha.

Katika harusi za huku, sigara hupitishwa kwa wageni juu ya sahani, na sahani ya wazee haikataliwi. Ambindwile mwenyewe aliporudi kutoka kambini mwaka 1966, baba yake mdogo alimsogezea sahani hiyo kwenye karamu ya kumpokea.

"Nilichukua moja, ya heshima tu," anasimulia. "Heshima hiyo niliivuta miaka kumi na minane."

Kisha anaongeza: "Amri ilinifunga mkono, lakini haikunifundisha kukataa. Lango la kambi lilipofunguka, mkono nao ukafunguka."

Ndiyo maana, tangu alipoacha, huwanyoa bure makuruta wanaorejea, kila Jumatatu kwa miezi mitatu. Siku hizi za soko huria, sigara huuzwa mojamoja katika kila genge. Lakini vijana wa Ibighi wamekubaliana kwamba mwenye upara wa Ambindwile hakaribishwi sigara. Kati ya makuruta thelathini na mmoja, kumi na tisa hawajairudia.

"Na walioanguka?" Ackson anauliza.

"Hawafukuzwi. Wananyolewa upya, wanaanza kuhesabu upya."

Hatimaye Ackson anatoa mikono. Kinyozi ananusa, uso unamkunjamana. "Tumbaku hii, mwanangu."

"Sikuvuta, afande. Niliomba kubeba sahani mwenyewe, kama ulivyonishauri. Nikaishika kwa mikono miwili. Mgawaji hana mkono wa kuchukulia. Lakini mwishoni babu akanipa moja mkononi."

"Ukafanyaje?"

Ackson anaingiza mkono mfukoni, anatoa sigara nzima, iliyopindika, isiyoguswa na moto. "Niliipokea kwa heshima, nikashukuru. Babu hakuniambia niivute."

Ambindwile anacheka hadi machozi yanamlengalenga. Anaikata sigara vipande kwa wembe, anaitupa kwenye nywele zilizofagiliwa.

Kabla ya msimu ujao wa harusi, anasema, atapanda Kinyala kuzungumza na wazee, ili sahani ya heshima ipitishwe ikiwa na karanga za kukaanga.

"Inamisha kichwa," anamwambia Ackson. "Zimebaki Jumatatu kumi."