Nakala Niliyoitupa

Nilikuwa nimekwisha kuzeeka nilipofanya kosa hili, kwa hiyo siwezi kuusingizia ujana.

Nilifanya kazi katika mtaa wa Observatory kwa mama mmoja, profesa mstaafu. Asubuhi bustani, mchana nampangia makaratasi. Alichunguza hadithi za kale za mashujaa wa Ireland, zilizoandikwa kwa mkono na watawa juu ya ngozi za ndama. Alikuwa na picha za kurasa hizo, na pembeni mwake ameandika kwa penseli kazi ya miaka mingi.

Siku ya kutoa taka niliona mafungu mawili ya hadithi ileile. Nililinganisha majina yaliyoandikwa juu, nikaona moja linajaza chumba bure. Sikuuliza. Nikalitoa kwa mwokota makaratasi aliyepita na mkokoteni wake.

Kesho yake mama akalitafuta. "Baba, hukuona lile fungu la pili?"

"Sijaliona, Mama."

Akanieleza, huku anafungua droo moja baada ya nyingine, kwamba hakuna nakala mbili zinazofanana. Mtawa mmoja karuka mstari, mwingine kaongeza. Hapa shujaa analia, kule halii. Kazi yake yote ilikuwa kwenye tofauti hizo.

Jirani yangu mtaani kwetu Bellevue, fundi cherehani Mkongo, alinicheka. "Mzee, weye unakosa usingizi juu ya makaratasi? Nyamaza tu, atasahau."

Nikanyamaza. Siku ya tano nilimkuta mama ameketi sakafuni, ameandika kwenye kikaratasi jina la mtaa, tarehe, na jina la mwanawe.

"Najipima kumbukumbu," alisema. "Mama yangu alianza hivihivi, kupoteza vitu. Nimeshampigia daktari."

"Mama, si kichwa chako. Ni mimi. Nililitupa, kisha nikakudanganya."

"Ulilitupa?"

"Nililitupa."

Akacheka, machozi yanamtoka, mkono kifuani. "Namshukuru Mungu." Kisha kicheko kikakatika. "Siku tano, baba. Umeniangalia siku tano."



Sasa nafanya bustani tu. Chumba cha makaratasi anakifunga kwa ufunguo, na ana haki. Nikipalilia chini ya dirisha namsikia akisoma kwa sauti nakala iliyobaki. Anafika mahali, anasita, anajaribu kukumbuka ile nyingine ilisemaje.